Mofini iliyo ndani yetu, na ile inayoogopwa nyumbani

Mgonjwa wa saratani akiandikiwa mofini hapa Uganda, mara nyingi kinachofuata ni kikao cha familia. Shangazi anasema hiyo ni dawa ya mtu ambaye madaktari wameshamkatia tamaa. Kaka aliyekuja kutoka Kampala anasema ni ileile inayomaliza vijana mitaani. Mwingine anashauri mgonjwa aendelee na parasetamo, angalau hiyo inajulikana. Mgonjwa mwenyewe, ambaye maumivu hayajamwacha alale, haulizwi.

Upande wa pili kuna neno linalotajwa kwa furaha: endofini. Redioni utasikia kimbia upate endofini, cheka upate endofini, na pembeni wapo wanaouza vidonge na majani ya chai ya "kuamsha endofini". Ni wachache wanaojua kwamba dawa inayoogopwa kule na kemikali inayosifiwa huku zinafanya kazi mahali pamoja mwilini, kwa njia moja. Kutojua hilo kunawanyima wagonjwa nafuu iliyo karibu kabisa nao, na jambo lenyewe linaelezeka kwa Kiswahili cha kawaida bila mtu kusomea udaktari.

Maneno machache kwanza

Opioidi ni jina la jumla la kemikali yoyote inayotuliza maumivu kwa njia ya mofini. Mofini yenyewe hutoka kwenye afyuni, utomvu wa ua la popi, na mfamasia Mjerumani Friedrich Sertürner ndiye aliyeitenga na kuipa jina mwanzoni mwa karne ya 19. Ukoo huo una wengi: kodeini iliyomo kwenye baadhi ya dawa za kikohozi, pethidini ambayo akina mama wengi wamechomwa wodini, tramado, fentanili, methadoni, na heroini. Bangi haimo. Mairungi hayamo. Kokeini haimo. Waragi, ile pombe kali ya kwetu, nayo haimo, ingawa nitairudia baadaye. Watu huzichanganya zote chini ya jina "dawa za kulevya", na hapo ndipo maelezo yanapoanza kuvurugika.

Peptidi ni mnyororo mfupi wa asidi amino, vile vipande vidogo ambavyo mwili hupata kwenye maharage, samaki au nyama na kuvitumia kujenga protini. Kwa hiyo peptidi za opioidi ni minyororo mifupi ambayo mwili wenyewe unaitengeneza, na ambayo inafanya kazi kama mofini. Endofini ni mojawapo tu.

Neno la mwisho ni kipokezi. Hii ni protini iliyokaa kwenye utando wa seli, ikingoja kemikali yenye umbo fulani. Ifikirie kama soketi ya umeme ukutani. Soketi peke yake haifanyi kitu. Ikija plagi ambayo miguu yake inalingana na matundu, umeme unapita na chombo kinawaka. Plagi ya umbo lingine haiingii hata ukiisukuma. Endofini ni plagi iliyotengenezwa pamoja na nyumba. Mofini ni plagi iliyotoka kwingine kabisa, shambani kwenye ua, lakini miguu yake inalingana na soketi ileile. Zipo pia zile plagi tupu za plastiki ambazo wazazi huziba nazo soketi ili mtoto asichomeke kitu: zinaingia sawasawa, zinakaa, umeme haupiti. Dawa ya namna hiyo inaitwa naloksoni. Ikumbuke, kwa sababu karibu kila tunachokijua katika habari hii kilithibitishwa kwa msaada wake.

Ubongo wa nguruwe na ngamia

Swali lililowasumbua wanasayansi lilikuwa hili: mwanadamu hakuumbwa akinywa utomvu wa popi. Kwa nini basi ubongo wake uwe na soketi ya mofini?

Kwanza ilibidi kuthibitisha kwamba soketi ipo. Mwaka 1973 maabara tatu, kila moja kwa njia yake, zilifanya hivyo: Candace Pert na Solomon Snyder mjini Baltimore, Eric Simon mjini New York, na Lars Terenius huko Uppsala, Sweden. Pert alikuwa mwanafunzi wa shahada ya uzamivu mwenye miaka 26. Alichukua naloksoni iliyotiwa mionzi kidogo ili iweze kufuatiliwa, akaichanganya na tishu ya ubongo iliyosagwa, akaosha, kisha akapima ni kiasi gani kimebaki kimeng'ang'ania. Kilichobaki kilikuwa kimeshika mahali maalumu. Miaka mitano baadaye tuzo kubwa ya tiba ya Marekani, Lasker, ilitolewa kwa kazi hii, na jina lake halikuwemo; la msimamizi wake lilikuwemo. Alilalamika hadharani, na kwa maoni yangu alikuwa na haki.

Ikiwa soketi ipo, plagi yake ya asili iko wapi? Huko Aberdeen, Scotland, Hans Kosterlitz, mzee mwenye asili ya Ujerumani aliyekuwa amefikia umri wa kustaafu, na kijana John Hughes walikuwa wakiitafuta kwenye ubongo wa nguruwe kutoka machinjioni. Kipimo chao kilikuwa rahisi kwa namna inayofurahisha. Walichukua kipande cha utumbo wa simbilisi, wakakining'iniza kwenye maji yenye chumvi, wakakipitishia umeme kidogo kidogo. Kila umeme ukipita, kipande kinajikunyata. Ukitia mofini, kinatulia. Ukitia naloksoni, kinaanza tena kujikunyata kama kwamba hakuna kilichotokea. Sasa wakatia maji yaliyokamuliwa kutoka kwenye ubongo wa nguruwe. Kipande kikatulia. Wakatia naloksoni. Kikaanza tena.

Maana yake ilikuwa wazi: ndani ya ubongo ule kulikuwa na kitu kinachokaa kwenye soketi ya mofini. Desemba 1975 walitangaza walichokipata, peptidi mbili ndogo mno, kila moja ikiwa na asidi amino 5 tu, wakaziita enkefalini. Nne za kwanza zinafanana katika zote mbili. Tofauti iko kwenye ya tano. Na ile ya kwanza kabisa kwenye mnyororo, tirosini, ina umbo linalokaribiana na upande mmoja wa mofini. Ndiyo miguu ya plagi.

Waliposoma mpangilio wa zile asidi, waligundua kwamba enkefalini moja ilikuwa imejificha ndani ya homoni ndefu ambayo Choh Hao Li wa San Francisco alikuwa ameitenga miaka kadhaa nyuma kutoka kwenye tezi ya pituitari ya kondoo, tezi ndogo iliyo chini ya ubongo. Li alikuwa pia na tezi za ngamia kwenye akiba yake. Mwaka 1976 alitoa humo mnyororo wa asidi amino 31, wenye nguvu kuliko enkefalini. Huyo ndiye beta-endofini, yule anayetajwa redioni kila asubuhi. Mwaka 1979 Avram Goldstein wa Stanford akaongeza wa tatu, dinofini.

Si zote ni za furaha

Vipokezi navyo havikuwa vya aina moja. Vikuu ni vitatu, na wanasayansi huviita kwa herufi za Kigiriki: myu, delta na kapa. Baadaye alipatikana ndugu wa nne, mwenye tabia tofauti kidogo. Beta-endofini hupenda zaidi myu, na huko ndiko mofini inakochomeka pia. Enkefalini huelekea sana delta. Dinofini huenda kapa.

Hapa uongo wa kwanza unaanguka. Tunaambiwa hizi ni "homoni za furaha". Kapa ikiamshwa, maumivu yanaweza kupungua, lakini mtu hujisikia vibaya: mnyonge, asiye na hamu ya kitu, wakati mwingine amechanganyikiwa. Mwili unatengeneza kemikali ya ukoo wa mofini ambayo inaondoa raha. Kazi ya mfumo huu ni pana kuliko kufurahisha watu. Unarekebisha maumivu, hofu, pumzi, tumbo, hamu ya kula, hata namna mtoto mchanga anavyoshikamana na mama yake.

Soketi ya myu ikipata plagi yake, seli ya neva inatulia: inaruhusu kemikali chache kutoka kwenye ncha yake, na inakuwa ngumu kuamka. Kwenye uti wa mgongo, habari ya maumivu inayopanda kutoka mguuni inapunguzwa njiani. Ubongoni hutokea jambo lingine la ajabu zaidi. Wagonjwa wengi waliotumia mofini huwaambia wauguzi kwamba maumivu bado yapo, ila hayawasumbui tena. Habari imefika, kilichoondoka ni mateso yake.

Uwanjani Mbale na barabarani Kampala

Kila mwaka unaogawanyika kwa mbili, yaani 2022, 2024, 2026 na kuendelea, Wagisu wa Mlima Elgon huwatia vijana wao jando, imbalu. Kijana hucheza ngoma siku nyingi akizungukia ndugu zake, amepakwa unga na udongo, na siku ya kisu husimama wima mbele ya umati, fimbo ameishika, bila ganzi. Hatakiwi kupepesa macho. Watu wa nje husema lazima kuna dawa amenyweshwa.

Hofu kali, uchovu wa siku kadhaa za ngoma, umati unaotazama, akili iliyokazwa kwenye jambo moja: hayo yote yanajulikana maabara kuwa huamsha opioidi za mwilini. Kuna sababu ya kikemia pia. Beta-endofini na homoni inayoamrisha mwili kukabiliana na msukosuko hukatwa kutoka kwenye mnyororo mmoja mrefu ndani ya tezi ya pituitari, kwa hiyo hutoka pamoja. Hofu inapopanda, kinga dhidi ya maumivu inapanda nayo. Ujasiri wa kijana unabaki kuwa wake. Hakuna peptidi inayomfundisha mtu kusimama. Lakini muulize saa chache baadaye, ngoma ikishanyamaza. Hapo maumivu yamekuja yote, kwa sababu plagi za mwilini hazikai. Enkefalini huvunjwa na vimeng'enya, zile protini zinazokatakata kemikali mwilini, katika muda wa dakika au chini yake. Beta-endofini hudumu zaidi, lakini nayo huondoka.

Daktari wa usingizi wa Marekani, Henry Beecher, aliliona jambo hili kwenye vita vya pili vya dunia huko Italia. Katika ripoti yake ya 1946 alieleza kwamba wengi wa askari waliojeruhiwa vibaya hawakutaka dawa ya maumivu walipoulizwa. Sisi tunaliona barabarani. Mtu anaanguka na boda, anainuka, anakung'uta vumbi, anasema "niko sawa", anaendelea na safari. Usiku anashindwa kugeuka kitandani. Ndiyo maana mtu aliyepata ajali apimwe hata kama hasikii kitu. Kutosikia maumivu katika saa ya kwanza kunaeleza hali ya ubongo wake tu. Mbavu au bandama inaweza kuwa na habari nyingine.

Uchungu wa kuzaa nao hupandisha beta-endofini kwenye damu ya mama. Hilo halimaanishi kwamba mama anayelia wodini anajidekeza, kama baadhi ya wahudumu wanavyosema. Mfumo huu hupunguza; hauzimi. Na kiasi kinatofautiana baina ya mtu na mtu.

Neno la muuguzi ni kemia

Mwaka 1978 watafiti watatu wa San Francisco, Jon Levine, Newton Gordon na Howard Fields, walifanya jaribio kwa watu waliong'olewa magego. Baadhi ya wagonjwa waliopewa maji ya chumvi wakiamini ni dawa walipata nafuu. Hilo lilikuwa linajulikana tangu zamani, na wengi walilichukulia kuwa mawazo tu ya mgonjwa. Lakini wagonjwa hao walipopewa naloksoni bila kuambiwa, maumivu yalirudi. Kumbe ile nafuu ya "mawazo tu" ilikuwa imepita kwenye soketi za opioidi. Kutarajia nafuu kulikuwa kumeutuma ubongo utoe dawa yake.

Nalipenda jaribio hili kuliko yote, kwa sababu linatuambia kitu kuhusu hospitali zetu. Musawo, yaani mhudumu wa afya, anayeketi dakika mbili, akamweleza mgonjwa atafanyiwa nini na maumivu yatachukua muda gani, anaongeza nguvu ya dawa aliyoishika mkononi. Anayefoka anaipunguza. Lakini tusivuke mpaka: nafuu ya namna hii haipunguzi uvimbe wa saratani, na mtu yeyote anayekuahidi kwamba utapona kwa kuamini tu, bila matibabu, anacheza na maisha yako.

Na wakimbiaji je? Kapchorwa, alikotoka Joshua Cheptegei mwenye dhahabu ya mita 10,000 ya Paris 2024, vijana wanakimbia alfajiri kila siku, na ile raha inayomjia mtu katikati ya mbio ndefu imekuwa ikiitwa kazi ya endofini kwa miaka mingi. Ukweli ni mgumu zaidi. Endofini huongezeka kwenye damu baada ya mazoezi makali, lakini molekuli hiyo ni kubwa na haipenyi kirahisi kutoka kwenye damu kuingia ubongoni. Mwaka 2008 watafiti wa Ujerumani walipiga picha za ubongo za wakimbiaji 10 kabla na baada ya kukimbia saa 2, wakaona dalili kwamba ubongo wenyewe umetoa opioidi zake. Kisha mwaka 2021 wenzao wa Hamburg waliziba soketi za wakimbiaji kwa dawa ya ukoo wa naloksoni, na ile raha ikabaki palepale. Siku hizi macho yameelekea kwenye kemikali nyingine za mwilini, zinazofanana na zile za bangi. Kimbia, kuna faida nyingi. Ila sentensi ya redioni imepitwa na utafiti.

Vile vidonge na chai za kuamsha endofini naviacha kwa sentensi mbili. Endofini ikimezwa, tumbo huimeng'enya kama linavyomeng'enya maharage. Na hakuna chai iliyothibitishwa kuifikisha ubongoni.

Ikiwa ni plagi ileile, kwa nini mofini inatisha?

Mwili unapotoa peptidi zake, unazitoa mahali fulani, kwa kiasi kidogo, kwa muda mfupi, kisha vimeng'enya vinafagia. Mofini haina adabu hiyo. Ikiingia kwenye damu inakwenda kila penye soketi ya myu na kukaa hapo kwa saa kadhaa. Kwenye uti wa mgongo inaleta nafuu. Kwenye utumbo inazuia mwendo wa choo, na hivyo karibu kila anayeitumia huhitaji dawa ya kulainisha choo tangu siku ya kwanza. Kwenye mboni za macho inazifanya ziwe ndogo kama ncha ya sindano. Na kwenye shina la ubongo, mahali panapoamrisha pumzi, inapunguza mwendo wa kupumua. Hapo ndipo kifo kinapotoka kwa aliyezidisha: anasinzia, anapumua taratibu, haamshiki, kisha anaacha kupumua.

Naloksoni ikichomwa kwa wakati huiondoa mofini kwenye soketi na mtu huamka ndani ya dakika chache. Lakini naloksoni yenyewe huisha mapema kuliko opioidi nyingi, kwa hiyo aliyeamka bado anahitaji hospitali. Anaweza kusinzia tena.

Sasa kuna mambo matatu ambayo watu huyafanya moja. La kwanza ni mwili kuzoea: soketi zikichomekwa mfululizo kwa wiki nyingi, seli huzipunguzia nguvu, nyingine huzivuta ndani, na dozi ya jana haitoshi leo. La pili ni mwili kutegemea: dawa ikikatwa ghafla, kila kilichokuwa kimetulizwa kinaruka juu, mafua, kuhara, kutetemeka, kukosa usingizi, hali ambayo vijana wanaiita arosto. Hayo mawili yanaweza kumpata mtu yeyote anayeitumia muda mrefu, hata bibi wa miaka 80 asiyejua heroini ni nini, na dawa yake ni kupunguza dozi polepole. La tatu ni uraibu: kuitamani dawa na kuitafuta hata inapobomoa maisha, baada ya sehemu ya ubongo inayofundishwa na raha kujifunza vibaya. Uraibu huweza kumpata mgonjwa pia, ndiyo sababu anafuatiliwa. Lakini kwa mgonjwa wa saratani anayetumia mofini kwa maumivu yake, chini ya uangalizi, si jambo la kawaida. Kumnyima dawa kwa kuogopa la tatu, wakati anachokipata ni la kwanza na la pili, ni kosa linaloumiza watu wengi.

Na ile hofu ya shangazi, kwamba ni dawa ya kufa? Mofini ikianzishwa kwa dozi ndogo na kupandishwa taratibu kulingana na maumivu, tafiti kwa wagonjwa wa saratani hazijaonyesha kwamba inafupisha maisha. Wengine huitumia wiki chache wakati wa matibabu, maumivu yakaondoka, wakaiacha. Hofu hiyo ilizaliwa kwa sababu ilikuwa ikitolewa mwisho kabisa, kwa hiyo watu waliona mofini na mauti vikija pamoja.

Uganda ina jambo la kujivunia hapa, na halisemwi vya kutosha. Mwaka 1993 Daktari Anne Merriman alianzisha Hospice Africa Uganda, Kampala, kwa dawa isiyo na ufahari wowote: unga wa mofini uliochanganywa na maji, ukatiwa kihifadhi na rangi, ukapakiwa kwenye chupa. Rangi hutofautisha nguvu, kijani ikiwa ya nguvu ndogo, ili muuguzi na familia wasikosee. Mgonjwa hunywa kila baada ya saa 4 nyumbani kwake, bila sindano. Mwaka 2004 Uganda ikawa nchi ya kwanza Afrika kuruhusu kisheria wauguzi na maafisa wa kliniki waliofunzwa tiba shufaa, ile ya kupunguza mateso ya mgonjwa, kuandika mofini. Mtu wa kijijini ambaye yuko mbali na daktari aliweza kufikiwa. Na dawa hutolewa bure. Nchi nyingi tajiri kuliko yetu bado zinawaacha watu wake wakifa wakipiga kelele.

Vidonge vya mtaani

Wanaopinga wana hoja moja ya kweli: opioidi zinaua mitaani. Tramado ndiyo inayonitia wasiwasi zaidi, kwa sababu watu huiona kama parasetamo yenye nguvu, kidonge cha kumwezesha dereva kukesha au mbeba mizigo kumaliza siku. Ni opioidi. Zaidi ya hapo inagusa kemikali nyingine za ubongo, na ikizidi huleta kifafa, ambacho naloksoni haikitibu.

Kodeini nayo ina siri. Yenyewe ni dhaifu. Ini ndilo linaloigeuza kuwa mofini. Kuna watu ambao ini lao hufanya kazi hiyo kwa kasi kubwa kwa sababu ya urithi, na Ethiopia ni miongoni mwa nchi zilizoonekana kuwa na watu wengi wa namna hiyo. Kijiko kilekile cha dawa ya kikohozi kinaweza kuwa kidogo kwa mtoto mmoja na hatari kwa mwingine. Shirika la Afya Duniani liliitoa kodeini kwenye mwongozo wake wa maumivu ya watoto mwaka 2012. Mama mwenye chupa hiyo kabatini asimpe mtoto.

Waragi, niliahidi kuirudia. Pombe haichomeki kwenye soketi za opioidi, lakini sehemu ya raha yake hutokana na ubongo kutoa endofini inapoingia. Ndiyo maana naltreksoni, ndugu wa naloksoni anayekaa muda mrefu, hutumika kuwasaidia baadhi ya watu wanaotaka kuacha pombe. Kwa walionaswa na heroini, hospitali ya Butabika ilifungua mwaka 2020 kliniki inayotoa methadoni na buprenofini. Buprenofini ni plagi ya ajabu: inashika soketi kwa nguvu sana lakini inapitisha umeme nusu tu. Mtu hapati arosto, halewi, na heroini ikija juu yake inakuta nafasi imeshikwa. Wanaosema huko ni "kubadilisha dawa ya kulevya kwa nyingine" hawajaelewa tofauti hiyo.

Utafiti unaoendelea unajaribu kuiga adabu ya mwili. Njia moja ni kutoongeza plagi yoyote, bali kuzuia vimeng'enya visizivunje haraka zile zilizopo. Dawa moja ya namna hiyo, rasekadotrili, tayari hutumika katika baadhi ya nchi kutibu kuhara, kwa sababu huziacha enkefalini za utumbo zifanye kazi muda mrefu zaidi. Njia nyingine imetoka Berlin, kwa Christoph Stein, ambaye alionyesha kwamba seli nyeupe za damu hubeba opioidi hadi kwenye jeraha. Kundi lake lilitengeneza kemikali inayochomeka tu mahali penye uvimbe, ambapo tishu huwa na asidi zaidi, na mwaka 2017 likaonyesha kwamba kwenye panya maumivu ya jeraha yalipungua bila pumzi kudhoofika wala utumbo kufunga. Panya si binadamu, na dawa hiyo haijafika dukani.

Familia iliyopewa chupa leo ina maswali ya kumuuliza muuguzi kabla hajaondoka: dozi ni kiasi gani na saa ngapi, dawa ya choo iko wapi, ni dalili zipi za kusinzia kupita kiasi zitakazotufanya tupige simu, na usiku wa manane tumpigie nani. Chupa ifungiwe mbali na watoto, isiazimwe jirani mwenye mgongo unaouma hata akiomba vipi. Mgonjwa akipona au akifariki, kilichobaki kirudishwe kwa waliokitoa.